Kikapu cha Kaisari

Apitaye Maseno siku ya soko, penye barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, karibu na mahali Ikweta ikatapo nchi, huviona vikapu kabla hajaziona nyuso za watu. Huja vichwani na mikononi, vingine vya katani, vingine vya mafunjo na matete ya ziwani. Wajaluo wana adita na odheru; jirani zao Waluhya wana vyao; na Waswahili wa pwani wana pakacha, tenga, kanda na jamanda. Kila kimoja kina jina lake na kazi yake. Hakuna chombo kinyenyekevu kuliko hiki. Hakina kufuli, hakina ukuta, wala hakiogopwi na mtu. Mwenye mikono miwili na majani ya kutosha aweza kujisukia mwenyewe.

Hata hivyo, kimoja katika ukoo huu wa vikapu kilipanda cheo hata kikaketi karibu na kiti cha enzi cha Kaisari. Jina lake kwa Kilatini lilikuwa fiscus. Habari za kikapu hicho ni habari za fedha na za utawala, tena ni habari zinazotuhusu sisi watu wa Ziwa kuliko mtu awezavyo kudhani. Katika insha hii tutakifuata kutoka nyumba ya mkulima wa Kirumi mpaka ikulu ya Roma, kisha tutarudi nacho hapa Maseno.

Hapo kale fiscus kilikuwa kikapu tu, kilichosukwa kwa majani au vijiti vyembamba. Wakulima wa Italia walikitumia katika kukamua zeituni. Walizitia zeituni zilizopondwa ndani ya kikapu, wakakiweka chini ya shinikizo, mafuta yakachuruzika kupitia matundu ya ususi, na makapi yakabaki ndani. Kikapu cha namna hiyo kilitumika pia kuchukulia fedha. Jambo hili si la ajabu. Fedha za siku hizo zilikuwa sarafu za madini, na sarafu nyingi ni mzigo mzito. Kikapu ni chepesi, hupinda bila kuvunjika, na watu wawili waweza kukishika huku na huku wakaenda nacho. Basi pole pole Warumi walipotaja fiscus, msikilizaji alianza kufikiri fedha kabla ya kufikiri zeituni.

Tena haikuchukua muda kikapu hicho kikaonja dhambi. Mwaka 70 kabla ya Kristo, mwanasheria hodari aitwaye Cicero alimshitaki Verres, aliyekuwa liwali wa kisiwa cha Sisilia, kwa kuwanyang'anya wenyeji mali zao. Kesi ilipokuwa ikiandaliwa, Cicero alipata habari kwamba vikapu kadha vyenye fedha za Sisilia vimehamishwa kutoka nyumba ya mkubwa mmoja wa Roma kwenda nyumba ya mwingine, na ya kuwa vikapu kama kumi vimewekwa kando ili vitumiwe kumzuia Cicero asichaguliwe katika cheo alichokiomba. Neno alilolitumia kuvitaja vikapu hivyo lilikuwa ni lile lile, fiscus. Wakulima wa Sisilia walilima ngano, wakatoa ushuru, wakanyang'anywa na zaidi; na jasho lao lote likaishia katika vikapu vya rushwa, vikipelekwa usiku kutoka mlango hadi mlango. Hila hiyo haikufaa kitu. Cicero alichaguliwa, na Verres akakimbilia Massilia, mji uitwao leo Marseille, kabla kesi haijakwisha.

Roma ilikuwa na hazina ya watu wote, iitwayo aerarium, iliyowekwa ndani ya hekalu la mungu wao Saturnus. Hiyo ilikuwa mali ya dola. Lakini utawala ulipoangukia mikononi mwa mtu mmoja, yaani Augustus, kando ya hazina ya watu kulikuwako sasa na vikapu vya mtawala. Augustus alikufa mwaka 14 baada ya Kristo, na mwandishi Suetonius anatueleza kwamba aliacha waraka wa hesabu. Waraka huo ulionyesha ni fedha kiasi gani zilizomo katika hazina ya watu, kiasi gani zilizomo vikapuni, na kodi gani hazijalipwa bado. Kisha chini yake aliongeza majina ya watumishi ambao mtu angeweza kuwaendea na kuwadai maelezo ya hesabu hizo.

Msomaji, tafadhali simama hapa kidogo. Augustus hakuwa mpole. Alikuwa amewashinda adui zake kwa upanga, na hakuna aliyeweza kumlazimisha. Lakini hata yeye alitambua kwamba kikapu cha fedha za utawala si kitimilifu kama hakina jina la mtu awezaye kuulizwa.

Waliomfuata hawakuwa kama yeye wote. Miaka ilivyokwenda, vikapu vingi vikawa kikapu kimoja, na kikapu kimoja kikawa idara. Fiscus likawa jina la hazina ya Kaisari, yenye makarani wake na mawakili wake, wala hapakuwa tena na jani lolote lililosukwa ndani yake. Mpaka kati ya mali ya dola na mali ya mtawala ukafifia. Warumi wakapata na kitenzi kipya, confiscare, ambacho maana yake ya asili ni kutia kikapuni. Mtu aliyehukumiwa, mali yake ilitiwa katika kikapu cha Kaisari. Kutokana na kitenzi hicho mataifa mengi ya Ulaya yamepata neno la kutaja tendo la serikali kumnyang'anya mtu mali yake.

Jina hilo liliwachoma Wayahudi kuliko watu wengine. Kabla ya mwaka 70 baada ya Kristo, kila Myahudi mwanamume aliyekuwa mtu mzima alipeleka nusu shekeli kwa mwaka kwa ajili ya Hekalu la Yerusalemu. Ilikuwa sadaka ya nyumba yao wenyewe. Mwaka huo majeshi ya Roma yaliliteketeza Hekalu. Kaisari Vespasianus hakuifuta sadaka ile; aliigeuza kuwa kodi, akaamuru ilipwe Roma, kwa hekalu la Jupiter, mungu wa washindi. Mfuko wa kodi hiyo uliitwa Kikapu cha Wayahudi. Katika utawala wa mwanawe Domitianus kodi ikatozwa kwa ukali mno. Suetonius anasimulia kwamba alipokuwa kijana aliona kwa macho yake mzee wa miaka tisini akikaguliwa mwili mbele ya baraza, ili ijulikane kama ni Myahudi anayepaswa kulipa. Kodi yenyewe haikuwa kubwa. Kilichouma kilikuwa ni kule kudhalilishwa, na kujua ya kuwa fedha hizo hazitarudi kamwe kwa aliyezitoa.

Domitianus alipouawa mwaka 96, Nerva aliyeshika mahali pake alipiga sarafu iliyotangaza kwamba masingizio ya Kikapu cha Wayahudi yameondolewa. Na mwaka 100 mwandishi Plinius alimsifu Kaisari Traianus mbele ya wakubwa wa Roma kwa jambo hili: katika siku zake mwananchi aliweza kushitakiana na hazina ya Kaisari mahakamani, na mara nyingi hazina ilishindwa. Sifa hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu kikapu kisichoweza kushitakiwa hakina tofauti na mkono wa mnyang'anyi.

Sasa na tuvuke bahari na karne, tuje nyumbani. Wazungu walipokuja kutawala Afrika ya Mashariki walileta desturi za hazina zilizotokana na Roma, na majina yake pia. Neno bajeti, tulilolipokea kutoka Kiingereza, kwa asili lilikuwa jina la mfuko mdogo wa ngozi huko Ufaransa. Sisi wenyewe kwa Kiswahili twasema mfuko tunapotaja fedha zilizokusanywa kwa kazi ya watu wengi. Na neno hazina tulilipata kwa Waarabu, nalo lina maana ya mahali pa kuwekea akiba. Kila taifa, lilipotafuta jina la mali ya wengi, lilichukua jina la chombo. Ni kama kwamba lugha zenyewe zinatukumbusha ya kuwa hazina si mwenye mali. Hazina ni kichukuzi tu.

Nchi yetu ya Ziwa, pamoja na Kisumu, ilikuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka 1902, ilipotiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ukingo wa Ziwa mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Reli ile ilikuwa imekula fedha nyingi za Uingereza, na serikali ilitaka wenyeji waanze kuchangia gharama za utawala. Kwa hiyo ikaja kodi ya kibanda. Mwanzoni wengi hawakuwa na rupia, hata kodi ikapokewa kwa mifugo, kwa majembe, au kwa kazi ya mikono. Baadaye ikatakiwa fedha taslimu, na fedha taslimu zilipatikana kwa kuuza mazao au kwa kwenda kufanya kazi mbali: katika reli, mijini, na katika mashamba ya walowezi. Kodi basi ilikuwa na kazi mbili. Ilijaza kikapu cha serikali, na iliwasukuma vijana watoke nyumbani.

Tena kodi hiyo ilikwenda kinyume na desturi za boma la Kijaluo. Katika boma kila mke ana nyumba yake. Mwenye wake watatu alihesabiwa vibanda vitatu, hata kama boma zima lilikuwa na shamba moja na zizi moja. Kibanda cha mjane nacho kilihesabiwa, na ndugu wa marehemu wakatakiwa kulipa. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na vibanda.

Wakati huo huo kilikuwako kitu kingine kilichokuwa kikisukwa hapa nchini, nacho ni elimu. Mwaka 1906 misheni ya CMS ilifungua shule Maseno. Vijana wa Kijaluo na wa Kiluhya walisoma pamoja, wakajifunza kuandika, kusoma Biblia na kufanya hesabu. Haijulikani kama wakubwa wa serikali walitambua wakati ule ya kuwa kijana ajuaye hesabu atauliza swali ambalo baba yake hakuweza kuliuliza kwa maandishi: fedha ngapi zimetoka kwetu, na ngapi zimerudi?

Swali hilo liliiva baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa Ziwa walikuwa wametoa maelfu ya wapagazi, na wengi hawakurudi. Mwaka 1920 Himaya ikageuzwa kuwa Koloni, na wenyeji wakaogopa kwamba ardhi yao haina kinga tena. Kipande kikaanza kuvaliwa shingoni. Kodi ikapandishwa mpaka rupia nane, zilizokuwa sawa na shilingi kumi na sita. Mwaka 1921 mazao yakaanguka bei, na walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Yaani mkono uliopokea ulipungukiwa, na mkono uliotoa uliongezewa.

Tarehe 23 Desemba 1921 palifanyika mkutano mkubwa Lundha, katika Gem. Waliouongoza walikuwa vijana waliosoma Maseno, baadhi yao wakiwa walimu. Waliunda Chama cha Vijana wa Kavirondo, Kavirondo likiwa ndilo jina la nchi hii katika vitabu vya serikali siku zile. Mwenyekiti alikuwa Jonathan Okwiri, mwandishi Benjamin Owuor Gumba, na mtunza hazina Simeon Nyende. Watu wa kawaida waliuita mwendo huo Piny Owacho, maana yake Nchi Imesema. Jina hilo lina uzito. Hawakusema chifu amesema, wala mwalimu amesema, bali nchi.

Madai yao yaliandikwa na kuhesabiwa. Walitaka nchi irudishwe kuwa Himaya, kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, kambi za kazi za kulazimishwa zifungwe, ardhi yao ipewe hati, na shule ya serikali ijengwe kwao. Mwombaji wa rehema huomba kupunguziwa kodi tu, akainama na kwenda zake. Hawa waliomba kodi ipungue, na pamoja nayo wakadai shule. Hawakukataa kikapu, walitaka kijulikane kinapelekwa wapi.

Huo haukuwa wakati wa kusema ovyo. Mnamo Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa Nairobi, na watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi, wengine wakafa. Serikali iliogopa moto usienee mpaka Ziwa. Julai mwaka huo huo Gavana Edward Northey alikuja mwenyewe Nyahera, karibu na Kisumu, akasikiliza. Kambi za kazi zilifungwa, na kodi ikashushwa hata shilingi kumi na mbili. Lakini Koloni lilibaki Koloni, na kipande kikabaki shingoni kwa miaka mingine mingi.

Mwaka 1923 kiongozi wa Kanisa la Kianglikana katika Kavirondo, W. E. Owen, alikigeuza chama kile na kukipa jina jipya: Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Wako wanaosema Owen alikifuga simba, akamfanya paka. Neno hilo lina ukweli wake. Chini ya uongozi wake wanachama walihimizwa kupanda miti, kuua panya, kuchimba vyoo na kulala vitandani, na siasa ikapoa. Lakini Owen huyo huyo alipigana kwa kalamu na wakubwa wa serikali juu ya wanawake na watoto waliolazimishwa kufanya kazi za barabara, hata walowezi wakamchukia. Haifai kumfanya malaika, wala haifai kumfanya adui.

Mimi naona jina lenyewe lastahili kuangaliwa tena. Walipa Kodi! Machoni pa Bwana Shauri na karani wake, mtu wa Kavirondo alikuwa kibanda kilichohesabiwa katika daftari. Sasa watu hao hao walichukua neno lililokuwa mzigo wao, wakalifanya kuwa cheo. Walikuwa wakisema: ninyi mnatuita watu wa kutozwa, sisi twajiita watu wanaolipa, na alipaye ana haki ya kuuliza. Plinius wa Roma angewaelewa. Na yule mzee wa miaka tisini aliyedhalilishwa mbele ya baraza angewaelewa zaidi.

Kuanzia mwaka 1924 sheria iliruhusu kuundwa Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Mabaraza hayo yalikuwa chini ya Bwana Shauri, na uwezo wao ulikuwa mdogo. Lakini yaliweza kutoza ushuru wao wenyewe kwa kazi zao wenyewe, na katika nchi ya Ziwa watu walikubali kujitoza ili wapate shule. Hapa pana fundisho. Watu wale wale walioitwa wagumu wa kulipa walilipa zaidi ya walivyotakiwa, pale walipoona kikapu kinarudi nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini aliyetoa haba yake hupenda kukiona kibaba.

Siku hizi Kenya ni nchi huru, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, inaagiza kwamba fedha za umma zishughulikiwe kwa uwazi, kwa kuwajibika, na kwa kuwashirikisha wananchi. Maneno hayo ni mazuri, nayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Yana mizizi yake katika mikutano kama ile ya Lundha na Nyahera. Lakini kuandika si kutenda. Vikapu vya Verres havikuisha Sisilia, na kila kizazi hukutana na watu wapendao kuvihamisha gizani kutoka nyumba hadi nyumba. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kijana usomaye kurasa hizi, labda hutakuwa gavana wala waziri. Lakini huenda ukawa mtunza hazina wa chama cha wanafunzi, au wa kanisa, au wa ushirika wa wavuvi, kama Simeon Nyende alivyokuwa mtunza hazina wa vijana wenzake. Siku hiyo utakabidhiwa kikapu. Kitakuwa kidogo, pengine shilingi mia chache katika bahasha. Usikidharau kwa udogo wake, maana hazina ya Kaisari nayo ilianza kuwa kikapu cha zeituni. Andika kilichoingia, andika kilichotoka, na chini yake tia jina lako, ili atakaye kuuliza ajue wa kumwendea.

Na ukipita sokoni Maseno, tazama jinsi mama auzaye mboga anavyokiweka kikapu chake: mbele yake, wazi, mahali ambapo kila mpita njia aweza kuona kilichomo.